Nani Amjibu Mtoto?

Juma la mwisho la Mei, barabara itokayo Busia na Tororo kupitia Iganga na Jinja hadi Kampala huwa na watembea kwa miguu wengi kuliko siku nyingine za mwaka. Wamejifunga leso viunoni, wameshika rozari na chupa za maji, wengine wamebeba bendera ya parokia yao. Wako waliotoka Mbale, wako waliovuka mpaka kutoka Kenya. Wote wanakwenda Namugongo, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Watoto wa kando ya barabara huwatazama wakipita, na mtoto mwepesi wa akili lazima aulize: hawa wanakwenda wapi, na mbona hawapandi teksi? Jibu analopewa mara nyingi ni fupi. Wanakwenda Namugongo. Mtoto ananyamaza, na mzazi anadhani amejibu, kumbe ametaja mahali tu.

Mzazi wa Jinja ana mengi ya kusema kuliko hayo. Habari ya Namugongo hufundishwa shuleni kama habari ya Buganda na kabaka wake, lakini mlango wake mmoja uko Busoga. Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Kyando, katika nchi ya Bunya ambayo leo ni wilaya ya Mayuge, tarehe 29 Oktoba 1885. Amri ilikuwa ya Kabaka Mwanga, na walioitekeleza ni watu wa chifu Luba. Kosa lake lilikuwa kuja kwa njia ya mashariki, upande ambao wakuu wa Buganda waliamini ndiko atakakotokea mtu wa kuila nchi yao. Wapagazi wake karibu wote waliuawa pamoja naye. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mkubwa wa vijana katika jumba la kabaka, alithubutu kumlaumu mfalme kwa damu hiyo, na tarehe 15 Novemba mwaka uleule naye akauawa. Na katika Bunya hiyohiyo ndiko alikozaliwa Matthias Kalemba, Msoga aliyetekwa utotoni pamoja na mamake, akalelewa katika nyumba ya Kiganda, akafuata Uislamu kwanza, akawaendea Waprotestanti, na mwishowe mwaka 1882 akabatizwa Mkatoliki. Mwishoni mwa Mei 1886, mahali ambapo sasa ni ndani ya mji wa Kampala, alikatwa mikono na miguu akaachwa afe polepole. Alikuwa mtu mzima, mume na baba wa watoto, mwenye cheo katika utawala wa Ssingo. Dini yake hakuirithi kwa mtu. Alibisha milango mitatu akiuliza.

Wapo pia wadogo. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji. Charles Lwanga, kijana mkubwa aliyewaongoza, aliwabatiza wao na wenzao wawili usiku, huko Munyonyo, kabla ya kuhukumiwa asubuhi. Tunapowasimulia watoto habari hii, kama tunawasimulia, tunakimbilia moto wa Namugongo. Moto unavutia. Tunaruka miezi ile ambayo kijana mkubwa alikaa na wadogo akiwafundisha, akiwaficha, akijibu maswali yao kuhusu sala waliyokuwa wakiisali. Bila miezi hiyo, usiku wa Munyonyo usingekuwa na maana yoyote, yangekuwa maji kichwani tu.

Desturi za kanisa hufa nyumbani kwanza. Kanisani zinaweza kuendelea miaka na miaka baada ya hapo, zikiwa na kwaya nzuri, kanzu nyeupe na picha za simu, na hakuna atakayegundua. Zinakuwa zimekufa tangu siku ile mtoto alipouliza akakuta hapana mtu mzima wa kumjibu, au akakuta wapo wengi wanaomwambia, “Ndivyo tunavyofanya.” Torati yenyewe, ilipoweka sikukuu ya Pasaka, ilitazamia kwamba watoto watauliza ibada hiyo ni ya nini, na ikampa kazi ya kujibu yule anayelala nao nyumba moja. Kuhani hakutajwa hapo. Mimi hulisoma agizo hilo kama sheria ya malezi kuliko sheria ya ibada, na nadhani katika sehemu hizi za mashariki ya Uganda tumelivunja kwa namna ambayo inaonekana kabisa tukiweka kando ya kanisa jambo jingine ambalo Wagisu hawajalivunja, angalau si lote.

Mvulana wa Kigisu hapelekwi imbalu kama mzigo. Miaka ya namba shufwa, mwezi wa Agosti, uwanja wa Mutoto nje kidogo ya Mbale ndipo jando hilo hufunguliwa rasmi, lakini mwenye kutahiriwa alikuwa ameanza zamani. Ni kijana wa miaka kumi na sita hivi na kuendelea, na inatakiwa aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anautaka mwaka huu. Wazee humuuliza. Wajomba humuuliza. Humwambia ana hiari ya kungoja, humtisha, humkumbusha maumivu, na swali hurudiwa mpaka waridhike kwamba hakusukumwa. Kisha anatembea. Anapita kwa shangazi, kwa mjomba, kwa ukoo wa mama ulio mlima mwingine, akicheza na wenzake ngoma za kadodi zikiwafuata, na kila boma linampa neno pamoja na kuku au shilingi. Anajua habari ya Nabarwa, msichana wa Kikalenjini ambaye kwa ajili yake, wasimulizi husema, tohara iliingia katika nyumba ya Masaba, babu wa Wagisu. Siku za mwisho anapakwa ulezi uliochachuka, anapakwa tope la bondeni, na kila anayempaka ni mtu anayemjua jina na ukoo. Anasimama wima mbele ya watu wote, bila kupepesa. Siku chache baadaye ngariba yuleyule aliyemkata anarudi kumnawisha mikono, na hapo anampa mafundisho kuhusu kisu, moto, chakula na jembe. Yaani kuhusu mambo yote ambayo mwanamume ataachiwa ayashike bila kuwadhuru wengine.

Sitaki mtu adhani ninaipamba. Aliyekimbia imbalu husakwa, na wako watu wazima waliokamatwa njiani wakakatwa kwa nguvu. Hilo ni jeuri, na wito wa hiari uliotangulia hauwezi kulifuta. Pombe ni nyingi. Kadodi nayo siku hizi utaisikia kwenye harusi na kwenye msafara wa mgombea ubunge, ambaye hajui na hataki kujua ilikuwa inasindikiza nini. Wazazi wengi waliookoka huwapeleka wana wao hospitali mapema, wakiwa wadogo, na wana sababu zao ambazo mtu mwenye haki atazisikiliza. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata mpinzani wa imbalu atakubali: hakuna kijana wa Kigisu anayefika mbele ya kisu bila kujua yupo pale kwa nini, na hakuna ukoo unaoweza kumkabidhi kijana wake kwa mwalimu, ukasema, mfanyie huko, utuletee picha.

Sasa angalia kipaimara.

Katika shule za bweni, na nazungumzia desturi iliyoenea kiasi kwamba haimshangazi mtu tena, watoto wa darasa la sita au la saba hupangwa kwa orodha. Kasisi wa shule au mwalimu wa dini huwapa masomo ya jioni, baina ya chakula na masomo ya usiku, huku mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukiwanyemelea. Mara nyingi wanachofundishwa ni majibu ya kukariri, kwa sababu kukariri ndiyo mbinu walimu wanayoijua vizuri. Jumapili iliyopangwa askofu anafika, watoto mia mbili au zaidi wamepigishwa mstari, na wazazi wanawasili saa nne na soda, keki, kuku wa kukaanga, pilau kwenye makopo ya plastiki. Msimamizi wa mtoto, yule anayepaswa kusimama kama mzazi wake wa pili katika imani, ni mwalimu mmoja aliyeombwa asubuhi ile awasimamie wote waliokosa. Baada ya ibada picha zinapigwa. Saa kumi kengele inalia, wazazi wanarudi mjini, na mwaka huo neno “kipaimara” halitatajwa tena nyumbani isipokuwa pale fomu ya shule ya sekondari itakapotaka kujazwa.

Siwalaumu makasisi wa shule. Wengi wao ndio watu pekee waliowahi kukaa na watoto hao kuzungumza nao juu ya Mungu kwa dakika arubaini mfululizo. Na mzazi anayemtuma mwanawe bweni kwa ada inayommaliza hafanyi hivyo kwa kumchukia. Lakini tukumbuke mambo yalianzaje. Mwaka 1900 wamisionari wa Anglikana walipoanza shule Nabumali, karibu na Mbale, na mwaka 1911 ilipoanzishwa ile iliyokuja kuwa Busoga College, ambayo baadaye ilipanda kilima cha Mwiri karibu na Jinja, bweni lilikuwa na shabaha: kumtenga kijana na nyumba ambayo wageni wale waliiona haijui kitu cha kumfundisha. Wazee wa wakati ule walinung’unika. Sisi wajukuu wao tumekubali hukumu ile dhidi yetu kabisa, hata hatujui kama ni hukumu. Tunaamini kweli kwamba mambo ya imani yana wataalamu, kama hesabu na kemia, na kwamba mzazi akiingilia ataharibu.

Ndiyo maana kadi ya ubatizo tunaijua kuliko ubatizo. Kadi inatafutwa kwa bidii, inakunjwa ndani ya bahasha na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu inaweza kuulizwa na shule ya kanisa. Nimewasikia watu wazima, Jinja na kwingineko, wakitaja namba ya kadi zao haraka kuliko jina la aliyewasimamia.

Kanisa la kwanza la Uganda halikuwa rahisi hivi. Wamisionari wa Afrika, wale mapadri weupe wa Kardinali Lavigerie, walitaka mtu akae katika mafundisho miaka minne kabla ya kubatizwa. Waanglikana nao walitaka ajue kusoma, ndiyo sababu Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji. Ilikuwa njia ngumu na ilikuwa na ubaya wake: iliwapendelea vijana wa ikulu na watoto wa wakubwa, ikawaacha nje wazee wasioona herufi. Mwaka 1914 aliposimama Malaki Musajjakawa huko Buganda na kundi lililokataa dawa za madaktari na kubatiza watu bila safari ndefu ya madarasa, maelfu walimfuata, na lawama zote tusimtupie yeye. Watu walikuwa wamechoka kungojeshwa mlangoni.

Miongoni mwa waliomfuata alikuwamo mtu ambaye miji yetu yote miwili, Jinja na Mbale, inamjua. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliiteka nchi ya mashariki kwa faida ya Waingereza akitumaini kwamba watamtawaza juu yake. Ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, akapanda miti, akapasua barabara. Waingereza wakampunguza cheo hatua kwa hatua. Mwaka 1906 walimweka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, kazi aliyoishika mpaka 1913, kisha akarudi Mbale na uchungu wake. Huko, akiwa na Biblia ya Kiganda iliyochapwa nzima mwaka 1896, akawa anaisoma kama mtu aliyeapa kutoruka mstari. Akaona tohara imeamriwa. Akaona Sabato imeamriwa. Akauliza kwa nini hazifuatwi. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, na husimuliwa kwamba wenzake walipomwambia jambo hilo ni la Wayahudi, aliwajibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na mafundisho kwa wafuasi wake. Alikufa Novemba 1928. Waliobaki, Abayudaya, wako mpaka leo kwenye kilima cha Nabugoye na vijiji vya jirani, nje kidogo ya Mbale.

Kuna njia nyingi za kumsoma Kakungulu, na siasa zimo, na kiburi kimo. Mtu aliyenyimwa ufalme hutafuta mahali pengine pa kuwa mkubwa. Hata hivyo mimi humwona kama kielelezo cha hofu waliyo nayo wazazi wengi wa Kikristo wasioitamka. Wanaogopa kwamba mtoto akianza kuuliza kwa dhati, atafika mahali ambapo wao hawatamfuata. Atauliza kwa nini Jumapili na si Jumamosi. Kwa nini huyu alibatizwa mchanga na jirani akazamishwa mtoni akiwa na ndevu. Kwa nini padri haoi na mchungaji ana wajukuu. Mzazi hana jibu, anaona aibu, anageuka mkali. Kuuliza si ujinga, tunasema, kisha tunampiga makofi anayeuliza wakati wa sala. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hajaacha kuuliza. Ameanza kumuuliza mtu mwingine, na Mbale na Jinja hazikosi watu wenye majibu tayari, vipaza sauti na viti vya plastiki, walio radhi kumjibu kila jioni kuanzia saa kumi na mbili.

Wale Abayudaya walikuja kuonyesha upande wa pili wa jambo. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, na wao wenyewe husimulia kwamba kutoka watu kama elfu tatu walibaki mia chache. Waliobaki waliishika sala ndani ya nyumba, milango imefungwa, na sikukuu ya Pasaka yao ilikuwa na faida moja ambayo hakuna askari angeweza kuipokonya: imepangwa kuzunguka meza, na kwa desturi mdogo wa nyumba ndiye anayeuliza maswali. Wapentekoste wa mashariki walijua hali kama hiyo mwaka 1977, Amin alipoyafuta madhehebu zaidi ya ishirini kwa mkupuo. Walikutana usiku, katika vyumba vya kulala, watoto wakiwemo kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwapeleka. Waliokua katika miaka hiyo mara nyingi wanajua wanaamini nini. Nasema hivyo bila kutamani Amin mwingine. Nasema tu kwamba jengo lilipofungwa, kazi ilirudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akaiweza.

Kuhusu Walokole nao nina neno moja, kwa kuwa nyumba zao zimewalea wengi wetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea miaka ya 1930 ulileta katika familia jambo ambalo halikuwapo: baba aliyetubu mbele ya mkewe, na pengine mbele ya watoto, akitaja kosa lenyewe. Mtoto aliyeona hivyo hakuhitaji kuelezwa toba ni nini. Upande mwingine, nyumba zilezile zilikuwa na orodha ndefu ya makatazo yasiyo na maelezo, ngoma, sinema, sherehe za ukoo, na watoto wengi waliondoka wakiwa na orodha bila sababu zake. Nyumba moja ilibeba yote mawili.

Basi mzazi afanye nini, yule asiyesoma teolojia, anayefunga kibanda chake sokoni saa mbili usiku? Sidhani tunahitaji programu nyingine ya dayosisi. Mambo mengi yameshawekwa mikononi mwetu, tumeyaweka kabatini. Chukua tawi la mtende la Jumapili ya Matawi. Karibu kila nyumba ya Kikatoliki Jinja na Mbale ina tawi kavu juu ya mlango au nyuma ya picha ya Bikira Maria. Mwaka unaofuata, kabla ya Jumatano ya Majivu, parokia huomba matawi hayo yarudishwe yachomwe, na majivu yake ndiyo tunayopakwa. Mwaka mzima wa imani uko hapo, tangu kumshangilia mfalme hadi kukumbuka kwamba sisi ni mavumbi, na umo katika kitu ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukishika kwa mkono. Mpe yeye kazi ya kupanda kiti na kulishusha. Atauliza linakwenda wapi. Umelipata swali lako, bila mhubiri na bila kipaza sauti.

Mshumaa wa ubatizo ni mfano wa kusikitisha zaidi. Mtoto anapewa siku ile, umewashwa kutoka mshumaa mkubwa wa Pasaka, na msimamizi anaambiwa autunze mwanga huo. Katika nyumba nyingi ninazozijua, safari yake iliishia usiku umeme ulipokatika, tena Jinja, mji ambao baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 uliiwashia nchi taa kwa miaka mingi. Hakuna dhambi katika kuangazia chakula cha jioni. Ila aliyeuwasha angeweza kusema, huu ulikuwa wako, tulipewa siku ya maji, na jina lako tulilichagua kwa sababu fulani. Sentensi tatu, wakati wali unapakuliwa.

Na msimamizi. Hapa tumekosea wazi. Tumemgeuza kuwa mfadhili: bosi, mwanasiasa, mjomba aliye Kampala mwenye gari, mtu wa kutajwa siku ya ada. Wagisu hawamchagui ngariba kwa utajiri. Wanamchagua kwa mkono usiotetemeka na kwa kuwa atarudi kumnawisha kijana. Msimamizi wa ubatizo anastahili kipimo cha namna hiyo. Je, atarudi? Mtoto akifikisha miaka kumi na mitano na kugoma kwenda kanisani, je, ni mtu ambaye atakaa naye chini ya mwembe na kumsikiliza mpaka mwisho bila kumtishia moto? Mama muuza dagaa wa Masese, Jinja, anaweza kuifanya kazi hiyo kuliko mheshimiwa.

Jinja ina ugumu wake ambao Mbale inaujua kidogo tu. Viwanda na bwawa vilileta watu kutoka kila upande, na mtaa kama Walukuba ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi hao: Wasoga, Wasamia, Wateso, Waacholi, Wajaluo. Watoto wao wameoana. Baba anasali Kisamia na ni Mkatoliki, mama Msoga ameokoka, mtoto anajua sala zake kwa Kiingereza cha shule, na jajja, yaani bibi yake, aliye Kamuli humwombea kwa lugha ambayo mjukuu anaielewa nusu. Mtoto mchanga akizaliwa mzozo unaanza: abatizwe sasa au awekwe wakfu angoje? Wengi humaliza mzozo kwa kuahirisha, na kuahirisha huko ndiko mtoto anakokulia. Mimi nawaona wenye heri wale wazazi wanaobishana mbele ya mtoto kwa adabu, kila mmoja akieleza kwa nini njia yake ni njema, kuliko wale walioafikiana kunyamaza. Mtoto wa nyumba ya kwanza atajua kwamba jambo hili lina uzito hata watu wanaopendana hulishindania.

Zipo parokia zinazowataka wazazi wahudhurie mafundisho kabla mtoto hajabatizwa au kupewa komunyo ya kwanza, na zikiona baba hatokei, zinaahirisha. Wazazi hulalamika. Wanasema kanisa linawaadhibu watoto kwa kazi za baba zao. Naelewa, lakini naziunga mkono parokia hizo, na ningependa shule za bweni ziwe na ujasiri huohuo: mtoto apewe kipaimara katika parokia ya nyumbani kwake, wakati wa likizo, baada ya wazazi kukaa naye darasani walau Jumamosi chache. Itapunguza idadi ya kila Jumapili ya askofu. Itawachosha mapadri wanaopenda orodha ndefu. Linalonitatiza ni watoto wasio na wa kukaa nao, na hapa ni wengi: waliolelewa na jajja mmoja mwenye wajukuu saba, wasichana wa kazi za nyumbani wa miaka kumi na minne, yatima wa ukimwi waliokua wenyewe na sasa wana watoto wao. Kwao kanuni hiyo ikishikwa kama sheria itakuwa mlango mwingine uliofungwa, kama ule wa miaka minne ulivyokuwa kwa wazee wasioona herufi. Kila jumuiya ndogo ndogo inawajua watoto hao kwa majina. Kabla parokia haijatangaza tarehe ya madarasa, jumuiya ingepaswa iwe imeshaamua, kwa kila mmoja wao, ni mtu mzima yupi atakayekaa naye kwenye benchi.